Sahani Aliyoirudisha Bi Somoe

Ilikuwepo nchi moja, na waliopita huko majuzi wanasema bado ipo, iliyojaliwa kila kitu isipokuwa wasaa wa kufikiri. Jina lake tuliache, isije ikasumbuliwa na wageni.

Katika nchi hiyo, serikali ilipotaka kumheshimu mtu haikumpa shamba wala nishani. Ilimpa neno. Neno lenyewe lilipaswa kuwa la Kiingereza, liwe refu, na liwe halijawahi kusikika sokoni. Likishaeleweka na watu wa kawaida lilihesabiwa kuwa limechuja, likashushwa hadhi, wakapewa makatibu tarafa. Palikuwa na Idara ya Maneno Makubwa, na mkuu wake, Bwana Nambunga, ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kuwa na kamusi. Kamusi hiyo ililindwa na askari wawili waliochaguliwa kwa sababu hawakujua kusoma, maana anayejua kusoma angeweza kushawishika.

Sheria ya maneno ilikuwa fupi. Neno huwekwa kwa mkono, na haliondolewi ila na mkono ule ule ulioliweka. Tena neno likishatangazwa haliruhusiwi kukaa bila mwenyewe, kama ambavyo nyumba ya serikali haikai bila mpangaji.

Lakini watu wa nchi ile walikuwa na desturi yao ya zamani kuliko serikali. Hawakurudisha sahani tupu. Jirani akikuletea pilau, sahani yake inarudi na kitu juu yake, hata kama ni ndimu mbili. Serikali iliipenda desturi hiyo, kwa kuwa ilipenda kila kitu kilichorudi kwake kikiwa na kitu juu yake. Ikaiingiza kwenye itifaki: kila aliyepewa neno alipewa pia sahani nyeupe yenye nembo ya taifa, na mwaka ukitimia aliirudisha mbele ya umma, ikiwa na zawadi, kwa kiongozi aliyemkabidhi.

Ndivyo Bi Somoe alivyokuja kuwa na sahani ya serikali ndani ya kabati lake.

*

Mumewe, Chande, alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya manispaa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mashavu laini kwa sababu ya kazi, na alikuwa na tabia moja mbaya kwa mtumishi wa umma: alipopita mahali alitazama anapokanyaga.

Mwaka huo Waziri wa Madaraja, Mheshimiwa Mkwinda, alijenga daraja kubwa juu ya mto unaopita nyuma ya mji. Lilikuwa daraja zuri sana upande wa huku, na zuri sana upande wa kule. Katikati ndipo palipokuwa bado. Wahandisi waliomba tarehe ya ufunguzi isogezwe, wakajibiwa kuwa haiwezekani, kwa sababu vitenge vyenye tarehe na picha ya Rais vilikuwa vimeshachapwa. Basi zikafungwa kamba kutoka ncha moja hadi nyingine, na juu ya kamba likatandikwa zulia jekundu, zito, lililokazwa vizuri. Ukiwa jukwaani uliona daraja zima. Mheshimiwa Mkwinda alilitazama akasema sasa kweli limekamilika.

Siku ya mazoezi Chande alipiga magoti akafunua pindo la zulia. Akaona maji. Akaenda moja kwa moja kwa Mheshimiwa, mbele ya wenzake, akamweleza alichokiona. Mheshimiwa hakukasirika. Alimshika bega kama mtu anayemwonea huruma, akamwambia maneno ambayo wanabendi wote waliyasikia:

"Kijana, kazi yako ni pumzi. Wewe piga tarumbeta, daraja waachie wenye daraja."

Chande alirudi nyumbani akamsimulia mkewe huku akinawa miguu. Somoe akamwambia asiende. Chande akasema yeye ndiye anayetangulia, na wa mbele ndiye anayeshika mwendo. Akifika ukingoni atasimama, bendi nzima itasimama, na wakubwa wataona wenyewe.

Na kweli alisimama. Watu wote waliokuwepo walimwona amesimama, tarumbeta mdomoni, wimbo wa taifa ukiendelea. Lakini bendi kusimama mbele ya Rais ni dharau, na Mheshimiwa Mkwinda alinyanyuka jukwaani akapunga mkono: mbele. Askari waliokuwa nyuma ya bendi wakautii ule mkono, wakasukuma. Wimbo ulikatika pale panaposifiwa umoja. Watu tisa walikwenda na zulia, na Rais, aliyekuwa hajawahi kuona onyesho kama lile, alipiga makofi.

*

Tume ya uchunguzi iliundwa mara moja, Bwana Nambunga akiwa mwenyekiti. Ilipanga katika hoteli yenye madirisha yanayotazama mto, ili iwe karibu na ushahidi. Ilichunguza zulia ikakuta ni la daraja la kwanza. Ilichunguza mto ikakuta ulikuwa mahali pake pa siku zote. Ilimchunguza Waziri ikakuta alikuwa jukwaani, tena ameketi, isipokuwa pale aliponyanyuka kwa uzalendo. Kila mmoja alipokwisha kutolewa lawamani walibaki marehemu, na wao hawakuleta utetezi wowote.

Tume ikaandika chanzo cha vifo kwa neno moja tu, na kwa kuwa lilikuwa neno refu na halijawahi kusikika sokoni, Idara iliona si vibaya likatumika pia kama heshima kwa wafiwa. Likachongwa kwenye vibao tisa vya shaba. Mheshimiwa Mkwinda alikwenda makaburini na bisibisi iliyopakwa rangi ya dhahabu, akapiga magoti penye kila kaburi, akakaza skrubu kwa mkono wake mbele ya kamera. Aliwaambia wafiwa kuwa hili ni neno la maombolezo la kiwango cha kimataifa. Kibao kilisomeka INSIPIENCE. Watu wakalitamka insipiensi, wakaitikia amina.

Bi Somoe alipewa sahani yenye tende. Alishukuru. Kila Ijumaa baada ya hapo alikwenda kaburini na majivu na ndimu, akakisugua kibao mpaka kikang'aa hata ukiwa barabarani ungekiona. Alipokuwa akisugua alikuwa akimsomea mumewe lile neno taratibu, insipiensi, insipiensi, akijisikia kwamba angalau nchi ilijua thamani ya aliyelala pale.

Alisugua hivyo miezi tisa, mpaka Dadi aliporudi.

Dadi alikuwa mdogo wake Chande, mpishi katika meli za wageni, na msiba ulimkuta bahari ya mbali. Aliposhuka hakwenda hata kuoga. Alimwomba shemejiye ampeleke kwa kaka yake. Alisimama mbele ya kibao muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma neno moja.

"Shemeji, hapa pameandikwa na nani?"

"Serikali. Waziri mwenyewe alipiga magoti."

"Na wewe unapasugua?"

"Kila Ijumaa. Kwani huoni kinavyong'aa?"

Dadi akaketi mchangani, akafunika uso kwa kofia yake. Somoe alimngoja. Alipoona hasemi kitu, akamwambia, "Sema, Dadi. Mimi nimeshafiwa, hakuna la kunitisha."

"Ni kukosa hekima, shemeji. Ni upumbavu. Ila ni upumbavu uliovaa tai."

Akamweleza alivyolijua. Katika meli yake fundi mkuu alikuwa akimwita nahodha kwa neno hilo kila wakati wa chakula, naye nahodha alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka siku walipogonga gati mchana kweupe na mtu mmoja akamfasiria.

Somoe hakulia. Aliuliza linatumikaje. Dadi akafikiri, akasema hutumika kwa mtu asiye na busara, hasa yule anayetenda jambo la kijinga huku ameshikilia kuwa hakuna mwenye akili kama yeye. Somoe akatazama kibao. Katika halaiki yote ya siku ile, wakiwemo wahandisi na madaktari wa falsafa, aliyefunua zulia alikuwa mmoja, na huyo ndiye aliyelala chini ya neno hili. Na mkewe ndiye aliyekuwa akiling'arisha ili wapita njia walisome vizuri.

Dadi alitaka kuleta mtaimbo aling'oe siku ile ile. Somoe akamkataza. Alisema akiling'oa yeye atafungwa, na waliolipachika watakuwa hawajafanya chochote.

"Mimi nataka litoke kwa mkono uliolitia," alisema. "Na ndani nina sahani ya watu. Sijairudisha."

Tangu Ijumaa iliyofuata watu walimwona anaendelea kwenda makaburini kama kawaida. Ila majivu aliyaacha. Alichukua maji ya ndimu yaliyokolea chumvi, na kibao hakukigusa. Alinyunyizia skrubu. Na kwa kuwa alikuwa jirani mwema, alinyunyizia na za wale wanane wengine.

*

Zawadi ya sahani ilipaswa kuidhinishwa na Idara kwanza. Somoe akavaa kanga zake nzuri, akaenda kwa Bwana Nambunga. Alimkuta nyuma ya meza pana, kamusi iko mbele yake ndani ya kisanduku cha kioo.

Alimwamkia, akasema amekuja kwa ajili ya sahani ya Mheshimiwa Mkwinda. Wenzake wamezoea kurudisha vitenge na kuku. Yeye angependa kurudisha neno. Bwana Nambunga akafurahi sana, akasema huo ndio ukomavu wa raia, akauliza ni neno gani. Somoe akamtajia.

Feni ya juu ilizunguka kidogo.

"Hilo, mama," akasema Bwana Nambunga, "lina... ni neno zito."

"Lina kasoro?"

"Sijasema lina kasoro."

"Maana ni lile lile mliloliweka kwa mume wangu. Nikasema kama lilimfaa mpiga tarumbeta, waziri halitamfaa?"

Bwana Nambunga akapekua karatasi zake mezani. Alijua maana yake. Ndiye aliyelichagua, usiku ule wa hotelini, akicheka peke yake. Kulikataa kulihitaji kutoa sababu, na sababu ilikuwa moja tu, na huyu mwanamke alikuwa ameketi pale mikono mapajani akiisubiri.

"Labda tungemtafutia jingine," akasema kwa sauti ya chini. "Yapo mengi mazuri."

"Mimi ni mtu wa darasa la nyuma, baba. Nimefundishwa moja na serikali yangu, nalo nimelishika. Kama si la heshima niambie, niende nikawaambie na wale wafiwa wenzangu. Wako hapo nje."

Bwana Nambunga akachungulia dirishani. Walikuwa hapo nje kweli, wamekaa kwenye ngazi. Akachukua muhuri, akaugonga mara mbili kwa haraka, nembo ya taifa ikatoka na vichwa viwili.

*

Siku ya kurudisha sahani uwanja ulijaa. Somoe alipanda jukwaani na sahani yake juu ya kichwa, imefunikwa kawa. Mheshimiwa Mkwinda alifunua kawa mwenyewe, akakuta kibao cha shaba chenye neno lile lile, kinachong'aa kama kioo, maana hicho Somoe alikisugua kwa majivu. Somoe akakibandika kifuani pa Mheshimiwa kwa pini.

Mheshimiwa alishika kipaza sauti, akamtazama yule mama kwa mapenzi.

"Ndugu wananchi," alisema, "nataka niseme ukweli. Insipiensi yangu haikuanza leo. Nimezaliwa nayo. Walimu wangu waliiona mapema, na Mheshimiwa Rais aliponiteua alikuwa akitafuta mtu mwenye insipiensi kama ya kwake. Wapo wenzangu barazani wanaodhani wanayo. Yao ni ndogo, nawaambia kwa upendo. Lakini insipiensi ya kujenga daraja kama lile, ndugu zangu, hiyo mnaijua wenyewe ni ya nani."

Wafiwa walipiga makofi kuliko watu wote. Hawakuonekana tena kupiga makofi namna ile katika sherehe yoyote.

Baada ya hapo nchi nzima ililishika neno. Gari la Mheshimiwa likaandikwa Insipiensi 1. Shule mbili zikabadilishwa majina, na wazazi wakasema matokeo yanalingana. Vijana wa chama walianza kusalimiana, "Insipiensi?" na kujibiwa, "Inazidi!" Walimu waliagizwa kuwainsipiensisha wanafunzi kila asubuhi kabla ya vipindi. Mtu akipewa kazi asiyoijua, waliomteua walieleza kuwa wamezingatia insipiensi yake ya muda mrefu. Mgeni aliyejua Kiingereza angesema kwamba kwa mara ya kwanza redio ya taifa ilikuwa inasema kweli tupu, kutwa.

Bi Somoe alikuwa akiisikiliza redio hiyo akipepeta mchele. Dadi alimuuliza kama moyo umetulia. Alijibu bado, kwa sababu kaburini neno lilikuwa bado lipo.

*

Mambo yaliharibika ughaibuni. Mheshimiwa Mkwinda alikwenda kwenye mkutano wa mawaziri wa madaraja, akajitambulisha kwa Kiingereza, akiwa na kibao kifuani, kwamba yeye ndiye mwenye insipiensi kubwa kuliko wote barani. Ukumbi ukacheka mpaka wakalimani wakavua vifaa vya masikioni. Magazeti ya huko yakatoa picha yake na ya kibao, pamoja na fasiri.

Rais alimwita Bwana Nambunga, akamtaka aseme neno lile ni nini. Bwana Nambunga aliomba maji, akasema.

Baraza likaketi. Waziri mmoja akashauri itolewe amri kwamba kuanzia sasa neno hilo maana yake ni hekima. Wote wakafurahi, mpaka mzee mmoja wa barazani, aliyedhaniwa amelala, alipouliza: kama ni hekima, basi ripoti ya Tume inasema wanabendi tisa walikufa kwa hekima yao, na kama wao walikuwa na hekima, siku ile mpumbavu alikuwa nani? Kila mtu akatazama karatasi zake. Na likibaki upumbavu, waziri wao alikuwa mpumbavu kwa tangazo rasmi, na alikuwa amesema mbele ya umma kuwa Rais alimteua kwa kufanana naye. Sentensi hiyo Rais aliomba isomwe mara ya pili.

Ikabaki njia moja. Aliyeliweka aliondoe.

Mheshimiwa Mkwinda alifika kwa Bi Somoe na msafara wa magari, vumbi likaingia kwenye mchele. Alimwita mama yangu. Alimweleza kwamba kumetokea hitilafu ndogo ya kiistilahi. Somoe alimsikiliza mpaka mwisho, ungo mapajani.

"Hili langu tutalizungumza," akasema. "Anza wewe na lako. Liko kwa Chande."

Mheshimiwa akasema atatuma mafundi kesho. Bwana Nambunga, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akakohoa, akakumbusha kuwa sheria inataka mkono ule ule.

Wakaenda makaburini. Habari zilikuwa zimetangulia. Wajane walishatandika mikeka, na wapiga picha walikuwepo. Mheshimiwa akapiga magoti, akatoa bisibisi yake ya dhahabu, akaanza. Kutu ilikuwa imekula vichwa vya skrubu na kuvigandisha. Bisibisi ikapinda. Dadi akamwazima ya chuma. Suti ilishika udongo, shati likaloa mgongoni. Bi Somoe alikaa juu ya kigoda chake akinywa chai ya tangawizi, na hakumkaribisha.

"Mama, hizi haziendi," Mheshimiwa alisema, akihema.

"Ulipozitia zilienda."

Kibao cha Chande kilipotoka, kucha mbili za Mheshimiwa zilikuwa zinavuja damu. Aliinuka akajifuta, akauliza kama sasa wamemaliza. Somoe akaelekeza kidole kwenye kaburi linalofuata. Alimwelekezea hivyo yote, moja baada ya moja, na kila kaburi mjane wake alimtajia jina la mumewe na ala aliyopiga: zumari, ngoma kubwa, matoazi, maana Somoe aliwaambia wasimwache atoe kibao bila kujua anakitoa kwa nani. Jua lilishapinda alipomaliza. Alisimama mbele ya Somoe, goti moja la suruali limechanika, akainua kidevu ili kibao chake kifikike.

"Sasa na wewe, mama, niondolee langu."

Somoe akaweka kikombe chini. Akanyoosha mkono akashika pini, na watu wote wakasogea.

"Nitaliondoa sasa hivi," alisema. "Kwanza waambie hawa, kwa Kiswahili tu. Mume wangu alikwambia nini siku ya mazoezi, na wewe ulimjibu nini?"

Mheshimiwa akamtazama. Akawatazama wajane, akazitazama kamera. Lilikuwa jambo dogo, sentensi mbili. Kila mtu pale, pengine hata Somoe, kwa kitambo alidhani angesema.

"Suala hilo," akasema Mheshimiwa, "bado liko kwenye mchakato."

Somoe akaachia pini. Akakipangusa kibao cha kifuani kwa ncha ya kanga yake, kikang'aa.

"Basi kaa nalo, baba. Limekukaa."

Bwana Nambunga akakohoa tena. Akasema kwa huzuni kuwa vibao vilivyotolewa haviwezi kuachwa bila mwenyewe, na kwa kuwa neno hilo sasa lina mwenyewe mmoja tu nchini, vyote tisa ni vyake. Askari wakavibeba wakavitia nyuma ya Insipiensi 1, kimoja baada ya kingine, vikigongana. Msafara ukaondoka polepole, na ule mlio wa shaba ukasikika mpaka barabarani.

Watu walipotawanyika, Dadi akaleta ubao wa mninga alioupiga randa mwenyewe, akauchomeka pale palipokuwa na kibao. Akauliza aandike nini. Somoe akamnyang'anya brashi, akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa ambazo kila mtu sokoni angeweza kuzisoma:

CHANDE. ALIWAAMBIA.